Upepo, Mvua na Sheria: Kilichowahamisha Wazee Wetu

Kila Desemba na Januari hekalu letu hapa Mombasa hupokea wageni wengi kutoka London na Leicester, ambako wakati huo kuna baridi kali. Majirani zetu hutania kwamba Mhindi hufuata jua. Utani huo si wa kuudhi, ila umetufanya tuulize kwa dhati: je, hali ya hewa ndiyo iliyowahamisha watu wetu kutoka mji hadi mji?

Mwanzoni ilikuwa na sehemu yake. Kwa karne nyingi kaskazi, ivumayo Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Mandvi na Porbandar hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kusi ikayarudisha. Lakini upepo ulipanga tarehe ya safari tu; sababu ya safari ilikuwa nguo, pembe za ndovu na karafuu. Mvua ilikuwa na nguvu zaidi. Ilipokosekana mwaka 1899, Gujarat na Kathiawar zilikumbwa na njaa ambayo wazee waliiita Chhappaniyo, kwa kuwa ilitukia mwaka 1956 wa kalenda ya Vikram Samvat. Mifugo iliteketea, watu wakafa kwa wingi, na kijana aliyekuwa na mjomba mwenye duka ng'ambo ya bahari hakuhitaji kushawishiwa.

Aliyefika hapa hakuchagua mji kwa joto wala kwa baridi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na wenye maduka wakaifuata hadi huko, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Julai mtu wa pwani hutetemeka. Wakoloni ndio waliosema sana juu ya hewa. Walidai kwamba ubaridi wa nyanda za juu uliwafaa Wazungu, wakawafungia Waafrika na Wahindi umilikaji wa mashamba huko, na Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ukaithibitisha kanuni hiyo. Mkikuyu aliyezaliwa katika ubaridi huohuo aliondolewa shambani mwake. Hewa ilikuwa kisingizio tu.

Lakini ushahidi tunaouona kuwa mzito kuliko wote ni tarehe moja. Baada ya uhuru, wakazi wa asili ya Kihindi wasiokuwa raia wa moja kwa moja walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kuomba uraia wa Kenya. Wengi wetu tulisitasita, na ni haki kukiri hivyo mbele ya majirani. Mwaka 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara, na asiye raia akajikuta hana riziki. Kisha habari zikaenea kwamba Uingereza nayo ilikuwa karibu kuwafungia mlango watu wenye pasipoti zake. Sheria hiyo ilipitishwa bungeni kwa siku chache na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 1968.

Kwa hiyo watu waliondoka Februari. Mombasa ilikuwa katika joto la kaskazi. London ilikuwa katika kipupwe chake kigumu. Anayetafuta hewa nzuri angengoja Juni. Wao walipanda ndege wakiwa na sweta za kuazima, kwa sababu mlango ulikuwa ukifungwa. Kaka mwenye pasipoti ya Uingereza aliondoka, mdogo wake mwenye uraia wa Kenya akabaki dukani, na kuna familia ambazo hazijakaa pamoja tena tangu wakati huo.

Hali ya Uganda ilikuwa mbaya zaidi. Agosti 1972 Idi Amin alitoa siku 90, zilizokwisha Novemba. Watu wapatao 28,000 walikwenda Uingereza, wengi wakapokewa katika kambi za zamani za jeshi majira ya baridi yakianza. Halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaonya wasiende mjini humo. Walikwenda, maana jamaa zao walikuwa wametangulia na viwanda vilikuwa na kazi. Leo Diwali huadhimishwa katika Barabara ya Belgrave, watu wakiwa wamevaa makoti juu ya sari.

Wageni wetu wa Desemba ndio hao, au watoto wao. Hukaa barazani baada ya arati, wakijipepea, na wengi hulalamika kwamba Mombasa kuna joto kupita kiasi.