Siti Inayoshuka Yenyewe na Mafundi Wasio na Jina

Wadau, historia ya Dar tuliyosoma shuleni ni ya watu wenye majina: magavana, marais, waliopewa mitaa na barabara. Leo twende kwa mtu ambaye hana hata kibao. Fundi baiskeli wa Tandika au Tandale, amekaa chini ya mti, sanduku la spana pembeni, beseni la maji ya kutafutia pancha mbele yake. Na twende kwake na tatizo dogo tu: siti inayoshuka yenyewe.

Kama hujawahi kukutana na ugonjwa huu, uko hivi. Unapandisha siti asubuhi, unakaza nati mpaka jasho linakutoka. Tuta moja, shimo moja, siti chini. Magoti yanapanda kifuani, unafanana na mtu mzima aliyepora baiskeli ya mtoto. Kwako ni kichekesho. Kwa aliyefunga madumu 4 ya lita 20 kwenye keria, yaani kilo 80 za maji, siti ikizama ghafla mzigo unayumba, na nyuma yake kuna daladala haina muda. Hata asipoanguka, kukanyaga pedeli kila siku magoti yamekunjwa ni kuyamaliza taratibu.

Kwa nini inashuka? Fundi atakujibu kwa ufupi: bomba la siti halilingani na fremu. Historia nzima imo humo.

Enzi za Mwingereza, baiskeli ya heshima ilikuwa Raleigh, kutoka Nottingham. Chuma kizito, vipimo vya inchi. Baada ya uhuru ikaja Phoenix ya Shanghai. Hapa kuna kitu wengi hatukiunganishi. Reli ya TAZARA, ile ambayo stesheni yake unaipita ukitoka Temeke kwenda Buguruni, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Gharama za ndani zilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina kwenye maduka yetu. Yaani babu yako akinunua kitu cha Mchina miaka ile, alikuwa anachangia reli bila kujua. Na Phoenix yenyewe, kwa umbo, ilikuwa kama mdogo wake Raleigh. Lakini ndugu kufanana sura haina maana wanavaa kiatu namba moja.

Halafu ikaja njaa ya vipuri. Vita vya Kagera 1978 na 1979, mafuta juu, fedha za kigeni hakuna. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na sabuni tu ilikuwa ya kupanga foleni. Kidogo watu walipumua 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Fundi wa zama hizo angeagiza wapi bomba jipya? Alikuwa na tupa, nyundo na bati la kopo. Bomba la baiskeli iliyokufa likahamia kwenye fremu iliyo hai, na pale lilipopwaya, bati likazungushwa. Kiukweli mimi huo nauita uhandisi, hata kama hakuna chuo kilichompa mtu joho kwa kazi hiyo.

Mtumba nao ukavuruga zaidi. Kontena likifunguka unakuta baiskeli za nchi tatu nne, bomba moja milimita 25.4, lingine 26.8, lingine 27.2. Tofauti ya 0.2 tu inatosha siti kushuka. Sasa sikia hii: bati la kopo la soda lina unene wa karibu milimita 0.1. Ukilizungusha mara moja, linaongeza 0.1 kila upande, jumla 0.2. Fundi hana kifaa cha kupimia hayo. Anapima kwa vidole, na anapatia.

Ila fundi mzuri hakimbilii kopo. Kwanza anachomoa bomba na kufuta grisi kwa kitambaa, maana wengine tunapaka kama chapati. Kisha anaangalia ule mpasuko wa fremu pale bolti inapopita. Masikio yake mawili yakiwa yameshagusana, kaza mpaka kesho, hakuna kitakachobanwa. Hapo ndipo bati linahitajika. Meno ya bolti yakiisha, anabadilisha bolti. Na zile za mtumba zenye kishikio cha kukunja kwa mkono, kwa baiskeli ya mzigo anakitoa na kuweka bolti na nati za kawaida. Kishikio kile kilikusudiwa wanaokwenda kutembea Jumapili.

Kitu kimoja cha pwani: bati la aluminiamu likikaa na chuma kwenye hewa yetu ya chumvi, linaungua taratibu na kugandisha bomba. Lichomoe kila baada ya miezi michache, la sivyo siti iliyokataa kukaa itakataa kutoka.

Siku hizi miti mingi ya mafundi hawa imehamiwa na bodaboda. Ukimpata aliyebaki, Mbagala au Mwananyamala, mwangalie anavyomaliza. Anachukua msumari, anachora mstari kwenye bomba pale linapoingilia fremu. Mstari ukizama, imeshuka. Rudi akukazie, na hiyo mara nyingi hakutozi.