Mizani, Daftari na Mwenye Mali



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, twaona yafaa kuuliza: mkulima hujuaje kwamba ushirika ni mali yake? Historia ya nchi yetu yatoa jibu.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 KNCU ikazaliwa. Baadaye ikatoka amri kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kwa njia ya KNCU tu. Bei ilipoanguka, mkulima hakuwa na ruhusa ya kuuza kwingine. Mwaka 1937 ghasia zikazuka na maghala ya vyama yakavamiwa. Wavamizi hawakuwa wageni; walikuwa wakulima wale wale ambao ghala zilijengwa kwa ajili yao.

Huko Ziwa Victoria, wakulima wa pamba walilalamika kuwa mizani ya wanunuzi yawapunja. Hawakuanza kwa kujenga ofisi, bali kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mzigo upimwe mbele ya mwenye pamba. Vyama vya msingi vikaota kutokana na jambo hilo, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Lakini Shirikisho lilipokwisha kuwa kubwa, manung'uniko yalirudi. Mwaka 1966 Kamati ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta watumishi wasio waaminifu, na wanachama wasiojua mambo ya vyama vyao. Mizani ilikuwa imehama kutoka mkono wa mnunuzi hadi mkono wa karani wa chama, lakini jicho la mkulima halikuifuata. Mwaka 1976 Serikali ilipovunja vyama vikuu na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka za mazao, mkulima aliyekwisha jiona mgeni katika chama chake hakuwa na sababu kubwa ya kukitetea. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Wahusika wa biashara yetu ni wengi: benki inayotukopesha, mwenye lori, mnunuzi wa ng'ambo, Serikali. Wote hao hupewa barua na hesabu kwa wakati. Je, yule aletaye gunia naye apewe nini? Sheria yaweza kumleta ghalani, lakini haiwezi kumpa imani.

Kwa hiyo hatuna budi kushika mambo matatu. Mzigo upimwe mbele ya mwenyewe. Kila makato yasomwe mkutanoni kabla ya msimu, wala si baada ya malipo. Na mwanachama aulizaye ajibiwe kwa heshima, hata swali likiwa chungu, kwani aulizaye bado yu pamoja nasi. Wa kuogopwa ni yule aliyenyamaza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: daftari lisilosomwa kwa mwenye mali ni sawa na kutokuwapo.