Mifupa ya Lyme Regis na Joka la Ziwani

Sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue.

Mwaka 1934 gazeti moja la London lilitoa picha ya mnyama mwenye shingo ndefu, amechomoza kichwa katika ziwa la Loch Ness, huko Scotland. Wengi waliamini. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba lile joka lilikuwa chombo cha kuchezea watoto, kimebandikwa shingo na kichwa. Lakini umbo lile halikuwa geni. Watu walikuwa wamekwisha lijua kwa zaidi ya miaka mia, kwa sababu ya mifupa ya kweli aliyoifukua mwanamke mmoja maskini.

Jina lake Mary Anning. Alizaliwa mwaka 1799 Lyme Regis, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake, seremala, alifariki mwaka 1810 akaacha deni. Mary alijifunza kusoma katika shule ya Jumapili, kanisani. Yeye na kaka yake Joseph waliokota mifupa na makombe yaliyogeuka jiwe katika magenge ya pwani, wakawauzia wageni. Kazi ya hatari hiyo: mwaka 1833 genge liliporomoka likamwua mbwa wake, naye akaponea chupuchupu.

Mwaka 1811 Joseph aliona fuvu kubwa. Watu wakasema ni mamba. Mwaka uliofuata Mary akapata kiwiliwili: ni mtambaazi wa baharini, mwenye mapezi, aliyeishi kiasi cha miaka milioni 200 iliyopita. Waliuza kwa pauni 23.

Kisha, mwaka 1823, akapata mnyama ambaye wataalamu humwita plesiosauri. Shingo yake ilikuwa na pingili zaidi ya 30. Twiga anazo 7 tu, sawa na wewe. Bwana Cuvier wa Paris, bingwa wa mifupa, alipoona mchoro alishuku kwamba wanyama wawili wameunganishwa. Kwa mchuuzi, neno kama hilo ni msiba. Nani angenunua kwake tena?

Februari 1824 Chama cha Wataalamu wa Miamba kilikutana London. Bwana Conybeare akaeleza mifupa ile, ikaonekana ni ya mnyama mmoja. Cuvier naye akakiri kosa. Mary hakuwapo, wala jina lake halikutajwa. Chama kile hakikupokea wanawake mpaka mwaka 1919. Mimi kosa hili naliona zito kuliko la Cuvier. Yeye aliona mchoro tu. Hawa walijua fika nani aliyefukua.

Mary aliendelea kusoma. Alikopa maandishi ya wataalamu akayanakili kwa mkono, pamoja na michoro yake. Alifariki mwaka 1847.

Na Loch Ness je? Ziwa lile lilikuwa chini ya barafu mpaka kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Plesiosauri walikwisha miaka milioni 66 iliyopita.

Mwalimu wa darasa, chukua chaki. Andika 1799, 1811, 1823 na 1824, wanafunzi waseme kila mwaka kulitokea nini.