Kibera: Deni la Askari

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Mtaa wa Kibera, jijini Nairobi katika nchi jirani ya Kenya, ni ushahidi wa msemo huo, na historia yake inamhusu kila avaaye sare.

Wengi walisikiapo jina la Kibera hudhani kwamba mtaa huo ulizuka juzi kwa sababu ya umaskini. Sivyo. Kibera ilianzishwa na askari. Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Uingereza aliwaandikisha askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka katika Jimbo la Ikweta. Wengi wao na wana wao walitumikia baadaye jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Walipostaafu hawakupewa pensheni. Waliruhusiwa kukaa katika msitu uliokuwa pembezoni mwa Nairobi. Wakauita Kibra, yaani msitu katika lugha yao ya Kinubi. Zilipimwa eka 4,197, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi.

Lakini askari hao walipewa kibali cha kukaa na kulima tu, si hati ya kumiliki. Mwaka 1928 jeshi lilikabidhi eneo hilo kwa utawala wa kiraia, na mkoloni akawahesabu wakazi kuwa wapangaji juu ya ardhi ya Serikali. Miongoni mwao walikuwamo waliopigana vita vya 1914 hadi 1918, vilivyofika hata katika ardhi yetu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, watu wa makabila mengi walimiminika Kibera kutafuta kazi mjini. Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na Wakikuyu walipanga vyumba vya udongo na mabati kando ya Wanubi. Vikakua vijiji vya Makina, Laini Saba, Lindi na Kisumu Ndogo. Msikiti ukajirani na kanisa. Kiswahili kikawa lugha ya sokoni. Na msiba wa mmoja ukawa mchango wa wote. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070.

Hata hivyo, nyumba isiyo na msingi haihimili tufani. Mwenye nyumba hakuwa na hati, na mpangaji hakuwa na hakika ya kesho. Mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi za nyumba ulizusha mapigano. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waliozikana walichomeana nyumba, na reli iendayo Uganda ikang'olewa papo hapo Kibera.

Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwakabidhi Wanubi hati ya eka 288. Ni haki iliyochelewa karibu miaka mia moja, na ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ardhi iliyopimwa hapo awali.

Kwa askari, funzo ni dhahiri. Ahadi apewayo mpiganaji lazima iandikwe na itimizwe angali hai, ama sivyo wajukuu wake watairithi kama ugomvi. Na yule atumwaye kulinda amani katika mtaa wa makabila mengi akumbuke kwamba makabila hayo yaliishi pamoja miaka mingi kabla ya kugombana. Kazi yake ni kuulinda ujirani huo.