WAZEE KUANGUKA NYUMBANI: HATA KITOCHI KINASAIDIA



Mama yangu yupo Chanika, ile ya Handeni, siyo ya Dar. Mwaka jana aliteleza uani akavunjika mkono. Mimi niko mbali, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wazee wa miaka 60 na kuendelea. Jamani, tusiseme "uzee tu huo". Miguu ikipungua nguvu mtu anayumba, na nguvu hiyo inarudishika. Mapitio ya Cochrane ya 2019 yalionyesha mazoezi yanapunguza kuanguka kwa asilimia 23.

Wenzetu Australia wanayo programu ya tableti, StandingTall. Inamwonyesha mzee zoezi akiwa kwake na kuliongeza ugumu taratibu. Walijaribu kwa watu 503 wa miaka 70 na zaidi, majibu yakatoka 2021. Mwaka wa kwanza hakukuwa na tofauti ya maana. Baada ya miaka miwili kuanguka kulikuwa pungufu kwa asilimia 16. Kumbe dawa siyo mashine, ni kutoacha.

Mama hana tableti, ana kitochi. Kinatosha. Mara tatu kwa wiki napiga, anaweka sauti ya nje, tunahesabu wote:

1. Kuinuka kitini na kukaa, mara 10.
2. Kushika meza nzito, kuinua visigino, mara 10.
3. Kusimama mguu mmoja sekunde 10, meza ikiwa karibu. Kisha mguu wa pili.
4. Kutembea kando ya ukuta, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua 10.

Angalizo: aliyewahi kuanguka aonwe na mtabibu kwanza. Mjukuu au jirani awe karibu. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache hapo hapo aende kituo cha afya. Na kandambili zilizolegea zitupwe.

Juzi nilichelewa kupiga. Akaniambia, "Mwanangu, nimeshahesabu mwenyewe."

Wenye wazee vijijini, ninyi mnafanyaje? Tuelimishane.