Sufuria ya mama mzazi: kutoka kijiji mpaka kambini, na kurudi



Katika mikutano yetu tunazungumza mingi juu ya mashamba, mabati na pesa ya masomo ya watoto. Leo tunaandika historia ya sufuria moja tu: ile ya mama aliyezaa.

Huku kwetu Fizi na Uvira, mama akijifungua wakubwa wanauliza haraka: "Amekula nini?" Chakula cha kuleta maziwa kinajulikana. Ni sombe iliyopikwa na mawese na kalanga, lengalenga, matembele, majani ya maboga, ndakala, na mchuzi wa moto. Asubuhi ni uji wa mtama wenye kalanga ndani. Lakini mama mwenyewe hakutwanga. Shemeji alileta kuni, jirani alichota maji, mama mkwe alishika kinu. "Kula sombe, mutoto apate maziwa," walimwambia, na yeye alibaki na mtoto kifuani.

Siyo vyote vilikuwa hapa tangu zamani. Mtama na mawese ni vya Afrika, lakini muhogo na kalanga vilitoka Amerika ya Kusini, vikaingia Afrika kwa njia ya Wareno. Bibi zetu walipokea mimea ya kigeni, wakaifanya dawa ya nyumbani.

Wakati wa Wabelgiji hekima hiyo ilidharauliwa. Wakubwa wa koloni na wa makampuni waliona kwamba wamama wa Kongo wananyonyesha muda mrefu sana, na kwa sababu mume na mke walitengana wakati huo, watoto wanazaliwa wachache na wafanyakazi watapungua. Vikafunguliwa vituo vilivyoitwa "goutte de lait", yaani tone la maziwa, na wamama wakafundishwa kuachisha mapema. Baadaye maziwa ya kopo yalienea duniani kwa matangazo, mpaka mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likaweka kanuni za kuzuia uuzaji wa namna hiyo.

Kisha vita ya 1996. Tulivuka Tanganyika, tukafika Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu na Lugufu. Pale tulipewa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Tunashukuru, maana tuliishi. Lakini hatukuruhusiwa kutoka mbali na kambi kwenda kulima, na kuni zilikuwa shida. Sombe inataka moto wa muda mrefu. Ukiiharakisha, sumu ya muhogo inabaki ndani. Kwa hiyo wamama walipanda lengalenga pembeni ya nyumba, na jirani akizaa kila mmoja alitoa kidogo: huyu kiganja cha kalanga, yule kipande cha kuni. Sufuria haikufa, sababu mikono haikukosa.

Kuanzia 2005 tulianza kurudi kwa meli mpaka Baraka. Tulifikiri kwamba nyumbani mambo yatakuwa rahisi. Kumbe mashamba yalikuwa pori, na majirani wa kambini wametawanyika, kila mtu kijiji chake. Mama anazaa, siku ya tatu anaenda mtoni na bidoni kichwani. Halafu tunasikia: "Hana maziwa." Wengine wanakimbilia kopo, wanalichanganya na maji ya ziwa, mtoto anaanza kuhara.

Tuseme ukweli, sababu wamama wetu wanatuamini. Hakuna jani linaloleta maziwa peke yake. Maziwa yanakuja mtoto akinyonya mara nyingi, mchana na usiku, na mama akila vizuri, akinywa akisikia kiu, akipumzika. Sombe na lengalenga vinasaidia kurudisha nguvu na damu; kalanga na ndakala vinajenga mwili. Kasiksi tuiache: watu wanasema inaongeza maziwa, lakini pombe inayapunguza, na inamfikia mtoto. Kwa miezi sita ya kwanza mtoto anyonye tu, bila maji wala uji. Na mtoto asiponenepa, au mama akipata homa, waende kituo cha afya bila kungojea.

Ndiyo maana tunaomba kitu kimoja. Mpaka sasa, mwanachama akizaa tunampelekea kitenge na bahasha. Ni vizuri, lakini kitenge hakichoti maji. Kila kikundi cha kijiji kipange zamu: nani anatwanga, nani analeta kuni, nani anachota, mpaka mama apate nguvu. Wafadhili wetu, msaada wenu ununue kalanga, mawese, ndakala na mbegu za lengalenga, siyo kopo.

Kambini tulikuwa hatuna kitu na tulifanya hivyo. Leo tuko kwetu, tusishindwe.