Mashangingi mawili ya umeme

Juzi kaka yangu (mtoto wa mama mkubwa, yuko Uingereza miaka mingi) kanitumia picha mbili. Moja Jaguar I-Pace, nyingine Audi e-tron, yote ya 2019, yameshatumika, bei hazipishani sana. "Mdogo wangu, wewe si mwandishi? Niambie nichukue lipi." Hela yenyewe ni akiba yake ya miaka. Mimi gari sina, historia ninayo kidogo, basi nikamjibu kwa historia.

Turudi Septemba 2015, maonyesho ya Frankfurt. Audi wanaonyesha gari la mfano, e-tron quattro. Siku tatu hazijaisha vizuri, tarehe 18, serikali ya Marekani inatangaza kuwa Volkswagen, wenye Audi yao, walitia programu kwenye injini za dizeli ili zionekane safi zikipimwa. Aibu iliyoje! Tangu hapo gari la umeme kwa Wajerumani hawa likawa pia njia ya kusafisha jina.

Upande wa pili Jaguar. Jina la Kiingereza, lakini tangu 2008 mwenye mali ni Tata wa India (historia nayo ina utani wake). Novemba 2016 wakaonyesha mfano kule Los Angeles, Machi 2018 gari likawa tayari. Na halikuundwa Uingereza. Liliundwa Graz, Austria, kwenye kiwanda cha Magna Steyr. Mwaka 2019 likazoa tuzo: Gari Bora la Mwaka la Dunia, na la Ulaya pia. Audi walizindua lao Septemba 2018, San Francisco, Jaguar wakiwa wameshatangulia.

Hapa ndipo nilimwambia kaka asome taratibu. I-Pace lilitoka na betri ya kilowati-saa 90 na ahadi ya kilomita 480 kwa chaji moja. E-tron lilikuwa na betri kubwa zaidi, 95, lakini ahadi ni kilomita 400 na kitu. Kwa nini? Kwanza ni zito, karibu tani mbili na nusu. Pili, Audi waliifungia dereva sehemu ya betri: kati ya zile 95 anatumia kama 84 tu, nyingine imewekwa pembeni ili betri isichoke mapema. Waandishi wa magari walilicheka. Ila kwenye chaji ya haraka lilipokea kilowati 150, Jaguar 100.

Miaka ikapita. Agosti 2024 Jaguar waliwaambia wenye I-Pace za 2019 kule Marekani, magari 2,760, wasichaji zaidi ya asilimia 80 na waegeshe nje, mbali na nyumba, kwa sababu betri inaweza kuwaka moto. Hebu fikiria, gari la kifahari halafu unaogopa kulilaza karibu na watoto! Audi nao hawakutoka safi: Juni 2019 waliita e-tron kadhaa zirudi, unyevunyevu ulikuwa unaweza kupenya kwenye betri. Lakini hilo liligunduliwa mapema, gari bado jipya sokoni.

Leo yote mawili hayaundwi tena. I-Pace liliisha 2024. Kiwanda cha e-tron cha Brussels kilifungwa tarehe 28 Februari 2025, na watu kama 3,000 wakapoteza kazi. Hii ndiyo inaniuma kuliko habari ya betri: kiwanda cha tangu 1949.

Kwa hiyo kaka, mimi nasema Audi. Na kabla hujatoa senti, chukua namba ya chasisi uulize kama lilisharudishwa kutengenezwa, kisha dai karatasi ya kipimo cha betri. Akikataa kukupa, ondoka.

Kajibu usiku: "Sawa. Ila Jaguar ni jekundu."